Misimu 72, Dakika 77

Fulana za Metallica zinajulikana Kongowea kuliko nyimbo zao. Utazikuta sokoni katikati ya mitumba, nyeusi iliyofifia ikawa kijivu, jina la bendi likiwa na herufi ya kwanza na ya mwisho zenye ncha kama mikuki. Anayeivaa anaweza kuwa wa bodaboda, makanga, au muuza nyanya aliyejifunga leso kiunoni. Ukiuliza hiyo Metallica ni nini, kuna atakayekuambia ni kampuni ya vyuma. Usimcheke. Kampuni wanayo kweli: tangu 2012 wanatoa muziki chini ya lebo yao wenyewe, Blackened Recordings, na hakuna bosi juu yao wa kuwaambia wimbo huu umezidi, kata. Hilo la kukosa wa kuwaambia tutalirudia, maana ndilo lililoiponza albamu ninayoizungumzia hapa.

Kwanza wenyewe ni nani. Mwaka 1981, Los Angeles, mpiga drams mzaliwa wa Denmark aitwaye Lars Ulrich alianzisha bendi na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa. Kufikia 1991 walikuwa na albamu 5, na kila moja ilisogeza kitu. Kill 'Em All ya 1983 ilikuwa mbio tupu. Ride the Lightning ya 1984 ikaleta utulivu kabla ya fujo. Master of Puppets ya 1986 ndiyo wengi wanaiita kilele chao. Mwaka huohuo mpiga besi wao, Cliff Burton, akafa kwenye ajali ya basi nchini Sweden. ...And Justice for All ikafuata 1988, na 1991 ikaja ile ya jalada jeusi iliyowapeleka hadi kwa watu wasiopenda kelele za gitaa. Wengi wa rika letu tuliingilia mlango wa nyuma: mwaka 2022, msimu wa 4 wa Stranger Things, Eddie amepanda juu ya paa anapiga Master of Puppets huku mapopo ya kutisha yakimjia. Wimbo wa 1986 ukaingia kwenye chati, na watoto waliozaliwa baada ya 2005 wakaanza kuuliza: kwani hawa wazee bado wapo?

Wapo. Tarehe 14 Aprili 2023 walitoa 72 Seasons, albamu yao ya 11 ya studio. Hetfield na Ulrich walikuwa na miaka 59, Kirk Hammett wa gitaa la solo 60, Robert Trujillo wa besi 58. Jina la albamu ni hesabu. Mwaka una misimu 4, kwa hiyo miaka 18 ina misimu 72. Hetfield alieleza kwamba hiyo miaka 18 ya kwanza ndiyo inayotufinyanga: tunachoambiwa na wazazi kuhusu sisi ni akina nani, tunakibeba, na sehemu kubwa ya utu uzima inakuwa ni kukirudia au kukikimbia. Jalada ni la njano. Katikati kuna kitanda cha mtoto mchanga kilichoungua, na vitu vya kuchezea vilivyoharibika vimezagaa.

Hesabu hiyo inakubali hata kwetu, ingawa theluji hatuna. Pwani kuna kaskazi, upepo wa joto unaoanza kuelekea Disemba. Kuna masika. Kuna kusi, inayokuja na kibaridi chetu hiki cha kujifunika leso alfajiri. Kuna vuli. Minne hiyo. Ipige mara 18, unapata 72 ileile.

Na 18 hapa si namba ya mapambo. Ndiyo umri wa kitambulisho. Kabla yake wewe ni mtoto wa fulani. Baada yake, askari akikusimamisha usiku Mwandoni, anataka kadi. Ng'ambo hii ya daraja la Nyali tumesikia kwa miaka sasa habari za magenge ya vijana wa mapanga, na baadhi ya wanaotajwa hawajafika hata huo umri. Mtaani hukumu hutoka mapema: yule ameshaharibika, yule wa unga, yule hana kwao. Kwa hiyo albamu inayouliza kama miaka 18 ya kwanza inaweza kumfunga mtu maisha yake yote ni albamu iliyobeba swali letu. Nilitaka sana iwe nzuri.

Si nzuri. Ina mambo mazuri ndani yake, na nitayataja. Lakini kwa jumla ni kazi ya watu waliopata mada nzito, kisha wakaizungumza juu juu, kwa muda mrefu kupita kiasi, bila kututajia hata nyumba moja, hata siku moja.

Tuanze na urefu. Muuza mitumba akishakata kamba za robota, hakimbilii kuuza. Anachagua. Zile safi zisizo na doa, zenye jina, ni kamera. Zinawekwa kando na bei yake ni nyingine. Zinafuata za kati. Mwisho kabisa kuna fagia, zile za kumwagwa chini kwenye turubai, okota yoyote bei moja. Fagia haina ubaya, ina wateja wake. Lakini hakuna muuzaji mwenye akili anayetundika fagia kwenye henga karibu na kamera akataka bei ileile.

72 Seasons ni robota lililofunguliwa na halikuchaguliwa. Nyimbo 12, dakika 77. Ukigawanya, kila wimbo unapata dakika 6 na ushee. Master of Puppets ina nyimbo 8 na haifiki dakika 55. Ride the Lightning, nyimbo 8 pia, haifiki 48. Wala tatizo halikuanza 2023. Tangu Load ya 1996 hawajatoa albamu ya nyimbo mpya iliyo chini ya dakika 70. Ni mazoea ya enzi za CD, ambayo iliweza kubeba karibu dakika 80, na wao wakaona nafasi ikiwepo lazima ijazwe. Santuri ilikuwa na nidhamu yake: upande ukiisha, umeisha. Sasa ni wakati wa kusikiliza kwa simu, hakuna upande wala mwisho, na sisi wa bando tunajua dakika 77 ni pesa.

Chukua Sleepwalk My Life Away. Inaanza vizuri, besi na drams zinajenga taratibu, unaona kuna kitu kinakuja. Kisha kinakuja kilekile. Metali inasimama juu ya rifu, ule mnyororo mfupi wa gitaa unaojirudia. Rifu ikiwa kali, wimbo mzima una uti wa mgongo. Rifu nyingi humu ni nzuri ukizisikia mara ya 4. Mara ya 20 umeshazizoea kama jenereta ya jirani. Crown of Barbed Wire na Chasing Light zinafuatana, na mtu akizibadilisha nafasi usiku, asubuhi hakuna atakayejua.

Ulrich anapiga safi, na prodyuza Greg Fidelman amemrekodi safi, lakini mdundo ni uleule wa kutembea, wimbo baada ya wimbo. Hammett anaingia na solo zinazosikika kama za mtu aliyekuwa anapita njiani akaitwa. Mwenyewe amesema siku hizi anapenda kuzibuni papo hapo. Kubuni papo hapo si dhambi. Mpiga udi wa taarabu akipiga taksimu kabla ya wimbo, naye anabuni. Tofauti ni kwamba taksimu ina mahali inapokupeleka: ikiisha, umeshajua wimbo unaokuja ni wa furaha au wa msiba. Solo za Hammett humu zikiisha, tuko palepale tulipokuwa.

Hayo ni ya masikio. Linaloniuma zaidi ni maneno.

Kwa sababu huyu Hetfield ana la kusema kuhusu utoto. Alilelewa kwenye Christian Science, dhehebu la Marekani linalofundisha kwamba ugonjwa huponywa kwa maombi, si kwa dawa. Baba yake aliondoka nyumbani James akiwa na miaka 13. Mama yake alikufa kwa saratani James akiwa na 16. Misimu 64, ukihesabu kwa kipimo chake mwenyewe. Na ameshawahi kuyasema haya. Dyers Eve ya 1988 ni hasira ya mtoto kwa wazazi waliomfungia dunia nje. The God That Failed ya 1991 ni kuhusu imani iliyosimama kati ya mgonjwa na dawa. Mama Said ya 1996, iliyo karibu na kantri kuliko metali, ni ya mtoto anayezungumza na mama ambaye hawezi tena kumjibu.

Ukizisikia hizo 3 unajua ni nyumba ipi na nani yuko ndani. Sasa albamu nzima imepewa jina la utoto, na nyumba haionekani. Kuna giza. Kuna kivuli. Kuna moto, maumivu, kioo, nuru. Maneno haya yanazunguka kutoka wimbo hadi wimbo kama matatu isiyo na abiria. Giza gani? La chumba gani? Nani alikuwa mlangoni? Msikilizaji ameachiwa ajaze mwenyewe.

Kuna wanaosema huo ndio ukarimu, kwamba ukiacha wazi kila mtu anajiona. Mimi naona kinyume chake. Mtoto wa Kisauni hajioni kwenye neno giza. Angejiona kwenye mama mgonjwa ambaye watu wazima wamekataa apelekwe hospitali. Hadithi hiyo anaijua, hata kama dini ni nyingine na jina la ugonjwa ni jingine. Kadiri kisa kinavyokuwa cha mtu mmoja, ndivyo wengine wanavyopata pa kuingilia.

Na wazo kuu la albamu, tukiliweka mezani, wahenga walishalimaliza kwa maneno 4: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali ina ruhusa ya kuwa fupi na ya jumla kwa sababu inasemwa juu ya kisa. Mzee akiitamka barazani, kila mtu anajua anamsema mtoto wa nani. Metallica wametupa methali bila kisa, na wameinyoosha kwa dakika 77. Tena wanaisomea watu wa mji uliozoea kubana maneno. Kongowea ni jina la kale la Mombasa katika ushairi, na Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu aliyeishi mpaka karibu 1840, aliweza kumsuta adui au kumlilia mpenzi ndani ya ubeti wa mistari 4.

Nitoe mifano 2 ya nafasi zilizopotea. You Must Burn! ni wimbo mzito wa mwendo wa pole, kuhusu umati unaomteua mtu wa kuchomwa, picha ikiwa ya wachawi wa zamani. Kwa msikilizaji wa California huenda hilo ni fumbo la watu kushambuliana mitandaoni. Ukivuka daraja la Mtwapa ukaingia Kilifi, fumbo linaisha. Huko wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi ugomvi wa shamba ukiwa nyuma yake, na Kaya Godoma, kule Ganze, imewahifadhi waliokimbia. Nikiusikiliza wimbo huu nikiwa na hilo kichwani, gitaa linanitisha kama inavyotakiwa. Maneno hayanitishi. Umati wao hauna uso na anayechomwa hana jina, basi hakuna anayeumia.

Wa pili ni Screaming Suicide. Hapa wana kitu. Anayezungumza kwenye wimbo ni lile wazo lenyewe la kujiua, limepewa sauti, na linataka lisitajwe kwa sababu nguvu yake iko kwenye kufichwa. Ni wazo la kijasiri, na kwetu lilikuwa na uzito wa ziada: wimbo ulipotoka, Januari 2023, sheria ya Kenya bado ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipotangaza Januari 2025 kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume cha katiba. Nchi nzima ilikuwa imeambiwa na sheria ifunge mdomo. Lakini wimbo una wazo moja tu na unalimaliza mapema. Dakika zilizobaki ni rifu zinazokimbizana. Hatumjui aliyekuwa anasikia hiyo sauti, wala aliyemtoa huko kama alitolewa.

Najua nitakavyojibiwa. Wimbo wenye jina la albamu ulishinda Grammy ya metali Februari 2024. Albamu ilishika namba 1 Uingereza. Wamekaa kazini zaidi ya miaka 40, wamepiga katika kila bara, hadi Antaktika walifika, Disemba 2013. (Mombasa bado tunawasubiri.) Waacheni wazee wa watu wafurahie. Na kweli, mkubwa ni jalala, kila mtu anatupa takataka kwake.

Lakini heshima kwa mkubwa ni kumsikiliza mpaka mwisho, kisha kumwambia ulichosikia. Kumpigia makofi kwa sababu tu amezeeka ni kumhesabu ameshakufa. Na Hetfield hajafa. Mwaka 2019, akiwa na miaka 56, alirudi kwenye matibabu ya uraibu na bendi ikaahirisha ziara. Mtu anayepigana vita hiyo katika umri huo, akiwa na pesa zote na jina lote, ana habari ambazo msanii wa miaka 20 hawezi kuwa nazo. Ndiyo maana namdai zaidi.

Wengine watasema afadhali hii kuliko St. Anger. Nabisha. St. Anger ya 2003 ni albamu ambayo drams zinalia kama sufuria tupu, haina solo hata moja, na nyimbo zake nazo hazijui kuisha. Ilitengenezwa bendi ikiwa inavunjika: mpiga besi Jason Newsted ameondoka 2001, Hetfield ameingia matibabuni katikati ya kazi, na wamemwajiri mshauri wa kuwapatanisha. Yote yalinaswa kwenye filamu ya Some Kind of Monster ya 2004. Ni albamu mbaya, sitawadanganya. Lakini ni mbaya kama mtu anayejaribu kusema jambo huku sauti imemkauka. Ukiisikia unajua siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini. 72 Seasons haina kosa la aina hiyo. Kila kitu kimepangwa na kufutwa vumbi. Hakuna aliyeogopa kitu pale studio, na inasikika.

Tusijifanye pia kwamba lazima tungojee California. Mwaka 2020 wasanii 2 wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu kwa jina la Duma kupitia lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Duma kwa Kikuyu ni giza. Metallica wana wimbo unaoitwa If Darkness Had a Son, wanajiuliza ingekuwaje giza likizaa. Nairobi lilikuwa limeshazaa miaka 3 kabla yao. Baadaye Kanja, akijiita Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 na kuitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, jemadari mwanamke wa Mau Mau ambaye ni wa ukoo wake, aliyekaa na rasta zake za msituni mpaka 2022. Maneno mengi ya albamu hiyo huyashiki, ni mayowe juu ya mashine. Si muziki wa kupikia, na kuna watakaozima baada ya dakika 2. Lakini unajua yowe linapigwa kwa ajili ya nani, na mtu huyo ana jina na kaburi.

Sasa kamera, maana niliahidi.

Lux Æterna ni ya dakika 3 na sekunde chache, na ni wanaume wa karibu miaka 60 wanakimbia kama wako 1983, wanafurahi waziwazi. Hakuna cha kuchambua, ongeza sauti. Wimbo wa 72 Seasons wenyewe ni mrefu, dakika 7 na nusu na zaidi, lakini una hasira yenye mwelekeo, na mwanzoni mwa albamu bado una pumzi ya kuubeba.

Wa 3 ni Too Far Gone?, na naomba uiangalie hiyo alama ya mwisho. Kati ya majina 12, ni hilo peke yake lenye alama ya kuuliza. Anauliza kama amekwenda mbali mno kiasi kwamba hawezi kurudi. Hilo ndilo swali ambalo mtaani tunalijibu kwa niaba ya wengine kila siku: ameshaharibika, mwache. Jibu la Hetfield halina fahari. Ni lile la watu wanaoacha uraibu, wanaojua kwamba ahadi ya milele haishikiki, kwa hiyo wanaahidi leo tu, kesho ni ya Mungu. Mombasa kuna watu wanaokwenda kunywa methadoni kila asubuhi, dozi ya leo ikiwa ni ya leo, na kesho wanarudi tena kwenye foleni. Hawa hawahitaji kutafsiriwa wimbo huo. Una dakika 4 na nusu hivi, ni mmoja wa mifupi, na ndio mahali ambapo albamu inagusa ardhi. Kisha unapita, na Metallica wanarudi kwenye vivuli vyao kama vile hawakuona walichokiokota.

Wa mwisho ni Inamorata, unaofunga albamu. Dakika 11 na ushee, mrefu kuliko wimbo wowote waliowahi kuandika wenyewe, na cha ajabu ndio pekee humu ambao sikuhisi urefu wake. Huzuni imefanywa mpenzi wa zamani. Anampenda, wamekaa pamoja miaka mingi, na anajua kwamba kuishi naye hakuwezekani tena. Katikati magitaa yananyamaza, Trujillo anabaki peke yake na besi, polepole, hana haraka ya kumfurahisha mtu. Gitaa linapoingia tena linaimba badala ya kukata. Hapa ndipo unasikia umri wao, na unasikika vizuri. Kijana hawezi kuandika huu. Kijana akiachana na mtu anavunja vitu. Hawa wanafunga mlango taratibu ili wasimwamshe.

Nyimbo 4 hizo kwa pamoja hazifiki nusu saa. Ongeza Room of Mirrors kama bando linaruhusu, maana gitaa lake la mwishoni ni tamu. Hiyo ndiyo albamu iliyokuwa ndani ya robota, na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kusema hapana angeitoa. Nusu saa yenye swali moja la kweli na jibu moja la kweli ingetosha kuwekwa karibu na kazi zao za 1984 na 1986 bila aibu.

Ningependa pia wabadilishe hesabu. Siku albamu inatoka, Hetfield alikuwa ameshaishi misimu 236 na zaidi. Ametumia dakika 77 kutuambia kwamba 72 ya kwanza inaumiza, na hilo kijana anayetoka kuchukua kitambulisho chake analijua. Yeye ndiye ametoka humo sasa hivi. Asilolijua ni namna mtu anavyoipita hiyo mingine 164, anaanguka wapi, nani anamwinua, na anarudije kwa aliowaumiza. Too Far Gone? na Inamorata zinaonyesha kwamba Hetfield anajua kitu kuhusu hilo. Akiwa na pumzi ya albamu moja zaidi, aanzie msimu wa 73.